Meno ya Refa

"Sheria ni sheria, Mheshimiwa," alisema Refa, na kila alipofunga mdomo meno yake yaligongana, ta, ta, kama vikombe kwenye sinia.

Mama Meno, aliyekaa benchi la pili la mahakama, alikunja uso. Hakuukunja kwa hasira. Meno yale aliyatengeneza yeye, kuanzia nta hadi msasa wa mwisho, na sasa aliyasikia yakicheza upande wa kushoto. Mzee amekonda, aliwaza. Fizi zimenywea. Mbona hakuja kuniambia? Lakini angekujaje? Mtu uliyemfungia mlango huwezi kumwendea umwonyeshe fizi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Refa alichezesha mpira tangu ujana mpaka meno yakamwisha, na bado alitaka kusimamia mechi za watoto wa mtaani. Filimbi haishikiki kwa fizi tupu. Mama Meno naye alitaka chumba. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa fundi wa meno ya bandia mwenye leseni. Fundi alipofariki, leseni ilikwenda naye, ujuzi ukabaki mikononi mwa msaidizi. Ili apewe leseni yake mwenyewe, mkaguzi alipaswa kumkuta katika chumba chenye maji na dirisha linalofunguka. Refa alikuwa nacho, pembeni mwa ua wake. Wakaandikiana: meno kwa chumba, miaka miwili. Refa akapata meno. Kisha mwanawe mkubwa, aliyekimezea mate chumba kile kwa ajili ya kreti zake za soda, akaenda kuulizauliza, akarudi na maneno kwamba mkataba na fundi asiye na leseni hauna nguvu.

"Meno yenyewe ni mabaya?" aliuliza hakimu, mama wa makamo mwenye miwani.

"Hapana, Mheshimiwa, sitasema uongo. Ni mazuri. Hata karanga natafuna."

Watu wakacheka. Mama Meno alitabasamu bila kupenda, maana ndivyo Refa alivyokuwa: mtu wa kukupa kadi nyekundu, halafu akainama kukufunga kamba za viatu.

"Sasa kwa nini unamtoa chumbani?"

"Mwanangu kasema sheria iko hivyo. Nami maisha yangu yote nimefuata sheria."

Hakimu akamgeukia Mama Meno. "Mama, huyo kijana kasema kweli. Kazi hii inataka leseni ili watu wasije wakaumizwa vinywa, na mkataba wa asiye nayo mahakama haiwezi kuusimamia. Sisemi hukufanya kazi. Meno nayaona, na kuyasikia nayasikia. Ila siwezi kumlazimisha akupe chumba."

"Mheshimiwa, leseni yenyewe haipatikani bila chumba. Mkaguzi anakuja Jumatatu."

"Naelewa," alisema hakimu, na alionekana kweli kuelewa. Akafunga jalada.

Kwenye ngazi za nje Mama Meno alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Refa alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, akinyonya shavu la kushoto.

"Panakuuma hapo," Mama Meno alimwambia.

"Si sana."

"Usinidanganye, mzee wangu. Tangu ulipoanza kusema nakusikia. Hebu yatoe."

"Lakini leseni, mwanangu..."

"Mkataba si umekufa? Basi hii siyo kazi. Ni ujirani tu."

Refa aliangaza macho huku na huku kama mtu anayeambiwa avue suruali hadharani. Akayatoa, akauziba mdomo kwa kofia. Mama Meno akapitisha kidole ukingoni.

"Yanataka kurekebishwa. Vifaa vyangu bado viko kwako."

Alikuwa amepewa mpaka jioni aviondoe. Wakaongozana. Njia nzima Mama Meno alitembea na meno ya mzee ndani ya leso, amemkasirikia na kumhurumia kwa pamoja.

Chumbani kulikuwa na giza. Yule mwana, aliyekuwa na hakika ya kushinda, alikwisha kupigilia mbao dirishani ili kreti zake zisiibiwe. Mama Meno akawasha taa, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaketi mezani pake. Refa akakaa kwenye kiti cha wateja, akimtazama anavyoyasogeza meno karibu na balbu, anayageuza, anayageuza tena.

"Mwanga hautoshi," alijisemea.

Refa akainuka, akatoka. Mama Meno alidhani amekwenda haja. Alirudi na nyundo.

Alipachika makucha ya nyundo chini ya ubao wa kwanza wa dirisha, akavuta kwa nguvu zake zote za uzee, msumari ukalia. Mama Meno hakugeuka. Mstari mwembamba wa jua ulianguka mezani, juu ya fizi za rangi ya waridi, na akapaona vizuri mahali palipokuwa pakimuumiza mzee. Akachukua msasa. Nyuma yake msumari wa pili ulikuwa unaanza kutoka.