Mzimu Aliyeuliza Kama Umekula

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Musoma mjini, na tangu nianze kushona nilikuwa sijawahi kuombwa nimgeuze mtoto wa watu awe popo. Mwaka jana nikaombwa. Popo wawili, fuvu moja, na mchawi wa Kizungu, yule wa kofia ndefu, maana wachawi wa kwetu hawanaga sare.

Kisa ni ile shule ya ingilishi midiamu huko Buhare. Walijiamulia kusherehekea Halowini. Mwalimu mmoja, Danford, kijana wa suruali za kubana, ndiye aliyetangaza kwenye kundi la wazazi la Wasapu kwamba mwisho wa Oktoba kila mtoto avae kama mzimu, kwa kuwa ni sikukuu ya majira ya majani kupukutika. Majani kupukutika! Hapa kwetu majani yanapukutika mbuzi wakipita. Oktoba watu wako shambani wanasubiri vuli wapande, yeye anatafuta mizimu.

Tena na maboga. Maboga mazuri kabisa kutoka Bunda, wameyatoboa macho na meno, nyama yake wamemwagia kuku, halafu wakawasha mshumaa ndani. Wifi yangu Hana alinionyesha picha kwenye simu akaniuliza kama hayajapendeza. Nikamwambia yamependeza sana, jioni mtakula mshumaa.

Hana ni mke wa mdogo wangu Nyamhanga. Wana mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa wakati kaburi la mama yetu bado bichi kule Butiama. Kwetu jina la marehemu halitupwi. Mtoto akapewa jina la bibi yake, Wankyo, na ukishapewa jina hilo wewe ndiye yeye. Baba yako mzazi anakuita mama, shangazi yako anakuita mama, na ukikataa kunyonya watu wazima wanaulizana wamemkosea nini bibi. Hatuigizi. Ndivyo tunavyoishi.

Basi mtoto akaanza shule. Siku moja nimeenda kumchukua, nasikia mwalimu anaita getini, "Tifani!" Na mama yangu mzazi anaitika, "Yesi, ticha!"

Nikamrudisha kwao, nikamsubiri Hana.

"Wifi, usikasirike," Hana akaniambia jioni. "Wankyo ni jina zuri, lakini la kishamba kidogo. Wenzake watamcheka."

Nikamgeukia Nyamhanga. Yeye macho kwenye simu. "Da Marieta," akasema, "si jina tu hilo?"

Jina tu! Mwanamke amekubeba mgongoni, amelima pamba mpaka mikono ikapasuka ili usome, leo ni jina tu. Na kilichoniuma zaidi, nikaja kugundua hata yeye hamwiti tena mtoto "mama". Anamwita "wewe", anamwita "mtoto". Nikaona wazi mambo yanapokwenda. Wakiendelea hivi, siku si nyingi hakutakuwa na mtu duniani anayeitika jina la mama yangu. Atakufa mara ya pili, safari hii ameuawa na chekechea. Nililia, sifichi.

Sasa Halowini ikakaribia. Hana akamleta mtoto kibandani, akaacha kitambaa cheusi cha kung'aa, akaagiza mchawi wa Kizungu, akaondoka zake. Nikachukua tepu nianze kumpima.

"Shangazi," akasema, "mzimu ni nani?"

"Ni mtu aliyekufa akarudi."

Akafikiri, kidole puani. "Sasa si ndiyo mimi?"

Ungemjibu nini? Mwalimu Danford ana shahada, mimi nina darasa la saba, na wote wawili tulikuwa hatujalifikiria hilo.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni wewe."

"Basi nguo yangu iko wapi?"

Ilikuwa sandukuni. Gauni la maua ya zambarau, na kitambaa cheupe cha kichwani alichokuwa anavaaga Jumapili. Ndiyo nguo pekee ya mama iliyobaki, nyingine ziligawanywa msibani. Nilishika mkasi, nikauweka chini. Sikukata hata uzi. Nilikunja pindo ndani, pindo nene mpaka gauni likawa linasimama lenyewe, na mabega nikayashikiza kwa nyuzi za kufumulika. Kitambaa cha Hana nikatupia chini ya meza.

Muda wote huo mtoto anachezea simu yangu mbovu, anaiga bibi yake. Mama alikuwaga na mchezo wake mmoja. Kila mchana anampigia Nyamhanga ofisini, swali moja tu, "Umekula?" Na Nyamhanga kila mchana jibu moja tu, "Mama, niko kwenye kikao," anakata. Nilishamsimulia mtoto kisa hicho mpaka anakijua kuliko mimi, na anakipendaga maana kinamchekesha.

Siku ikafika. Hana alivyomwona binti yake anashuka kwenye pikipiki na gauni la bibi kizee, akanivuta pembeni.

"Wifi! Mchawi wangu yuko wapi?"

"Umeme ulikatika," nikamwambia. Uongo huo katika mji huu haujawahi kumwangusha mtu.

Hakuwa na la kufanya, watoto walikuwa wanaitwa mbele. Ukumbi wa kulia chakula umejaa wazazi, maboga yamepangwa mezani yanacheka peke yao. Danford ameshika maiki, anamuuliza kila mtoto kwa Kiingereza yeye ni nani. Popo wa kwanza akajibu, akapiga mabawa, akaanguka. Fuvu lilimtafuta mama yake kwa kilio mpaka akaja kulichukua. Wazazi wanapiga picha, wanashangilia, sikukuu imenoga.

Akapanda wa kwetu. Kibibi kifupi, kitambaa kichwani, kipochi kwapani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Na wewe ni nani, Tifani?"

"Mimi siyo Tifani," akasema kwa Kiswahili. "Mimi ni Wankyo. Nilikufaga, nikarudi."

Danford akacheka ndani ya maiki. "Haya, bibi! Umerudi kututisha?"

"Hapana. Namtafuta mwanangu."

Watu wakacheka zaidi. Yeye akaweka mkono juu ya macho, vilevile mama alivyokuwa anatuangaliaga kutoka mlangoni, akapitisha macho kwenye viti.

"Nyamhanga!" akaita. "Umekula?"

Kicheko kilikatika, lakini si chote. Wale wa kuja walizidi kucheka, wakidhani ni maigizo. Waliozaliwa huku kwetu walinyamaza. Mzee Mniko, mlinzi wa geti, alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia yake, akainamisha kichwa, akasema bila utani wowote, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu yule wa darasa la awali.

Nikamwangalia mdogo wangu. Simu ilikuwa mkononi mwake, alikuwa anarekodi. Akaishusha taratibu. Akasimama. Na mimi nikasema moyoni, ole wako umwambie uko kwenye kikao.

"Bado, mama," akasema. "Sijala."

"Basi twende nyumbani ukale."

Nyamhanga akapita katikati ya viti, akamnyanyua, akatoka naye huku analia mbele za watu, mwanamume mzima na kitambulisho cha ofisi shingoni. Danford akawakimbilia.

"Tifani! Tifani, zawadi bado!"

Mtoto hata hakugeuka. Aliyegeuka ni baba yake.

"Mwalimu," akasema, "anaitwa Wankyo."

Nikawafuata nje. Nilikuwa na matusi ya mwaka mzima, nimeyapanga vizuri, naanza tu kufungua mdomo Nyamhanga akaniwahi.

"Siku ile anakufa alinipigia, dada. Nikakata. Nikasema nitampigia jioni." Akajifuta kwa kile kitambaa cheupe cha kichwani. "Mimi sikuona aibu ya jina. Kila nikimwita huyu 'mama', naiona ile simu inaita. Hana alivyoleta Tifani, nikaona afadhali."

Matusi yangu nikayaacha. Nikamshika mkono, tukasimama pale getini sote watatu, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Zawadi ya kwanza alipewa popo, yule aliyeanguka. Majaji walisema kibibi hakutisha. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningewaambia wanionyeshe mtu pale ukumbini aliyetetemeshwa na popo wao, hata wote wawili wakijumlishwa, kama mdogo wangu alivyotetemeshwa na kibibi.

Hana alininunia kwa muda. Nilimrudishia kitambaa chake cheusi, nikamshauri atengeneze mapazia. Halafu siku moja nikamkuta getini anaita, "Bibi! Bibi, njoo, tunachelewa!" na mtoto anakuja mbio. Nikajifanya sijasikia. Nikicheka angerudi kwa Tifani kwa hasira tu.

Krismasi ilipokaribia Nyamhanga akapita kibandani na mfuko wa rambo. Alikuwa anaipeleka familia yake Butiama, kaburini. Tangu tulipomzika mama alikuwa hajakanyaga kule. Akatoa lile gauni la maua ya zambarau, akaliweka juu ya cherehani, akalikunjua upande wa chini kulikokuwa na pindo langu.

"Fumua kidogo hapa, dada," akasema. "Mama anarefuka."