Viatu vya Harusi kwa Msichana Mwenye Mguu Mmoja Mfupi

Dada alifariki siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, akiwa kwenye foleni ya vipimo hospitalini. Moyo ulisimama tu. Mimi nilikuwa karakanani na baba, tunabandika soli, simu ya shemeji, mume wa dada, ilipoingia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana.

Baba yetu ni fundi viatu, lakini hashoni vya kila mtu. Anashona jozi ambazo kiatu kimoja kina soli nene kuliko mwenzake, kwa watu ambao mguu mmoja ni mfupi. Alianzia kwa dada, ambaye alizaliwa na mguu wa kushoto uliopungua. Dada alipokua, ndiye aliyefungua ukurasa wa kuuzia viatu hivyo mtandaoni, na kila neno lililokuwemo aliliandika yeye.

Alikuwa na utaratibu wake. Mteja akipiga simu, kabla hata ya vipimo vya mguu, alimuuliza: "Samahani mpendwa, ulipokuwa unatutafuta uliandika nini hasa?" Jibu aliliandika daftarini lilivyo, bila kulinyoosha, kisha akalipachika kwenye ukurasa, ili mwingine mwenye shida ileile akitafuta atufikie. Ndiyo maana ukurasa ule ulisomeka kama watu wengi wanaonong'ona. Viatu vya mtoto anayechechemea asichekwe shuleni. Kiatu cha kazini kisichopiga kelele upande mmoja. Juu kabisa yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale aliyoyatafuta mwaka alioolewa akakosa, mpaka baba akamshonea: viatu vya harusi kwa msichana mwenye mguu mmoja mfupi.

Baada ya mazishi, ukurasa uliachiwa mimi. Shemeji, anayeijua kompyuta kuliko mimi, akanionyesha ripoti ya maneno ambayo watu wameyaandika hadi wakatufikia. Watu wenyewe walikuwa wachache. Lakini mstari mmoja ulijirudia: viatu vya harusi kwa msichana mwenye mguu mmoja mfupi. Mara moja leo, mara moja jana, mara moja juzi. Nikarudi nyuma mpaka siku iliyofuata mazishi. Siku kumi na tisa, mara kumi na tisa, neno kwa neno, na hakuna aliyepiga simu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na bado mwili ulinisisimka.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Alisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka.

"Ni mteja," nilisema.

"Mteja gani anatafuta kila siku kitu alichokwisha kukiona?" Akajikohoza. "Halafu haya maneno ni marefu mno. Nani anaandika barua nzima akitafuta kiatu? Tuweke mapana. Viatu vya ngozi. Viatu vya harusi. Basi. Watu watamiminika."

"Wakimiminika watakuwa na miguu gani?"

"Yoyote! Wewe nawe, shemeji, kwani mzee ameapa kutowashonea wanaotembea vizuri?"

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kilipokatika akasema taratibu, bila kunitazama, "Siku ya harusi nilimvisha vile viatu kwa mikono yangu. Siwezi kufungua huo ukurasa nikakutana nayo hayo maneno. Yafute."

Nikayafuta yote, nikaweka mapana. Baba sikumuuliza.

Ndani ya wiki, waliofungua ukurasa walipanda kutoka saba kwa siku hadi mia tatu. Simu haikunyamaza. "Raba nyeupe mnazo?" "Namba arobaini na mbili ipo?" Mmoja alitazama picha akaniuliza, "Dada, hicho cha kushoto fundi alisinzia?" Hakuna aliyeagiza hata jozi moja, na wale wateja wetu wenye mguu mfupi hawakupiga tena. Mstari ule nao ulikoma siku ileile tuliyofuta. Nilidhani nitapata nafuu. Badala yake nikaanza kutegea sikio hatua za dada kwenye sakafu ya karakana, moja nzito, moja nyepesi, kama alivyokuwa akitembea nyumbani bila viatu. Sikusikia kitu.

Siku ya nane baba aliingia ameishika simu yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii imeharibika?"

"Ina nini, baba?"

"Dada yako hatokei."

Niliacha nilichokuwa nakifanya.

"Kila siku nikimaliza chai naandika yale maneno yake, naye anatokea, juu kabisa. Nafungua, nasoma, nazima, naja kazini. Wiki hii wanatokea wauza raba."

Shemeji alikuwa mlangoni. "Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema yafutwe."

Baba alimgeukia. "Ulikuwa unaogopa nini, mkwe wangu?"

"Kumkuta."

"Na mimi ninachoogopa ni kumkosa," baba alisema. Akavuta stuli, akakaa.

"Haya mapana yanaleta watu mia tatu kwa siku, baba," nilisema, kwa sababu ilibidi mtu aseme.

"Hao mia tatu wana pengine pa kwenda."

Shemeji alikwenda rafuni, akachukua daftari la dada, akaketi kando yangu, akaanza kunisomea huku nachapa. Kwenye mstari wa kwanza sauti ilimkatika. Nikaondoa vidole kwenye vitufe nikasubiri. Akaurudia kuanzia mwanzo, wote, mpaka neno la mwisho, na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua.

Tulimaliza jioni. Wale wa raba tuliokuwa tumewaahidi kuwaulizia, niliwapigia nikawaambia hatuna.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Simu napokea mimi, naanza na swali lile la dada, na baba ana jozi tatu za kushona mezani.