Poda Isiyo na Nyeupe

Ukimwambia Kinu kwamba poda ya dukani inaishinda yake, jiandae kusikiliza. Jina lenyewe alibandikwa na mdogo wake kwa sababu ya kile kinu kidogo cha kauri kisichobanduka kwenye meza ya jikoni. Humo husaga ulanga, yale madini yenye kumetameta, pamoja na unga mweupe wa zinki na rangi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi, huku kajifunga kitambaa puani. Akishachekecha, humpaka mtu kidogo chini ya taya, kisha humtoa uani amtazame juani. Poda isipopotea kwenye ngozi, anarudi kusaga. Hana haraka, na kwa maoni yake hana mpinzani.

Kwa hiyo harusi ya mdogo wake, Kipusa, haikumtia tumbo joto. Kipusa alikuwa mweusi wa kupendeza, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Dada, siku yangu nionekane mimi. Nisije nikatazama picha nikauliza huyu nani."

"Ondoa shaka," Kinu alijibu.

Tatizo lilikuwa mama yao. Mama alijipaka poda nyeupe tangu ujana wake, hadi uso na shingo yake vikawa kama majirani wasiosalimiana. Alipochungulia kinuni, aliguna.

"Mbona kama kahawa? Ongeza nyeupe, mwanangu. Bibi harusi ang'ae bwana!"

Kinu alibisha, mama akanuna, na kwa kuwa mama ni mama, Kinu akaongeza zinki, kisha akasawazisha kwa nyekundu. Kule uani haikuonekana kasoro yoyote. Akajipongeza kwa kuwaridhisha wote wawili.

Asubuhi ya harusi Kipusa alipakwa, akapendeza. Mpiga picha akasema wajaribu moja. Flashi ikawaka, wote wakaiinamia kamera. Uso wa Kipusa ulikuwa mweupe pe, utadhani kaangukia gunia la unga.

"Ni hiyo nyeupe," mpiga picha alisema. "Kwa macho huioni, lakini flashi ikiipiga, inarudisha mwanga wote."

Machozi yakamlenga Kipusa.

"Tumwite mtu wa saluni," mama alisema haraka haraka.

Kinu alipandwa na hasira, na nyingi ilimwelekea yeye mwenyewe. Kazi aliijua, halafu akakubali kuyumbishwa!

"Haitwi mtu. Kipusa, nawa uso, ukasukwe nywele. Ukimaliza utanikuta tayari."

Safari hii zinki hakuigusa. Aliweka wanga wa mahindi mahali pake, akatia ulanga kidogo na rangi zake, akasaga mpaka bega likauma. Akamtoa Kipusa uani nywele zikiwa zimesukwa nusu, akamrudisha, akaongeza chembe ya nyekundu. Hakumuuliza mtu.

Flashi ikawaka tena. Kipusa aliing'ang'ania kamera, akacheka mpaka mwenye nayo akaingiwa na hofu.

"Ni mimi! Dada, ni mimi huyu!"

Mama naye aliitazama ile picha. Kisha akainua macho ukutani, kwenye picha za familia. Katika kila moja, mabinti wawili weusi walisimama na mwanamke mwenye uso wa unga. Akaingia bafuni, maji yakasikika yakimwagika. Alipotoka, uso na shingo vilikuwa rangi moja.

Mama akakaa kwenye kiti cha Kipusa.

"Nisagie na mimi yangu," alisema. "Na nikikwambia uongeze nyeupe, usinisikilize."