Sukari ya Getini

Mlinzi wa kiwanda cha nguo alimwamuru mshonaji afungue kilemba. Kifuko cha sukari kikaanguka miguuni pake.

"Leo umeificha kichwani, dada?"

"Ni dawa, kaka yangu. Nimeshakueleza."

"Chakula hakiingii humu. Kitambaa kikipata doa nitalaumiwa mimi. Halafu mgonjwa wa kisukari unabeba sukari, unajitakia kifo?"

Kumweleza kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Yeye hakuwa na kisukari. Kwenye kongosho lake kulikuwa na kivimbe, kidogo kama punje ya haragwe, kilichomwaga insulini ovyo na kuteketeza sukari yote mwilini. Daktari angekitoa wiki ijayo, kwa kadi ya matibabu ya kiwanda aliyoivaa shingoni. Asiye na kazi hana kadi. Akaingia mikono mitupu.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alishona kwenye cherehani ya jirani. Ndiye aliyembandika jina la Mlevi wa Njaa, maana akikosa kula huyumba na kuropoka. Walicheka wote, hata yeye mwenyewe. Utani wa mawifi hauna kesi.

Kabla ya mapumziko jasho la baridi lilimtoka. Kola aliyokuwa akiishona ikawa mbili machoni pake. Sindano ikapita kwenye kidole chake na hakusikia maumivu. Aliiona damu tu ikienea kwenye kitambaa cheupe, akaogopa doa.

"Simama," alisema msimamizi.

Alisimama, akamshika msimamizi bega asianguke. Alitaka kusema sukari. Ulimi ulikuwa mzito, yakatoka maneno asiyoyajua.

"Kumbe ni kweli. Mlevi."

"Bosi, hajalewa," wifi alisema. "Ni maradhi, anahitaji..."

"Si wewe uliyempa hilo jina? Kiwanda kizima kinamwita hivyo. Au unataka kumfuata?"

Wifi aliinamia kola yake. Alikuwa na watoto watatu. Msimamizi akaivuta kadi shingoni kwa mgonjwa, kamba ikakatika.

Walimwacha nje ya geti, amekaa juani, mgongo ukutani. Saa ya mapumziko wifi alitoka mbio.

"Sukari yake iko wapi?"

Mlinzi aliinua kikombe chake cha chai. "Ndiyo hii. Ingemwagwa bure?"

Wifi akamnyang'anya. Alipiga magoti, akamwekea kikombe mdomoni. "Kunywa, wifi yangu. Nisamehe. Kunywa."

Mgonjwa aliisikia sauti, kwa mbali. Alitaka kunywa, Mungu anajua alivyotaka, lakini meno yalikuwa yamebanana. Chai ikateremka kidevuni, ya vuguvugu, tamu, ikaingia ndani ya gauni.

Kengele ya kurudi kazini ikalia.

"Nafunga," alisema mlinzi. "Na kikombe ni changu."

Wifi alilitazama geti, akautazama ule mdomo uliofungwa. Kikombe kilikuwa bado na chai nusu.