Wiki Tano Ndani ya Ambulensi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kazini na kukuta jedwali langu limejengwa.

Halikuchorwa. Lilijengwa kwa mawe na saruji, katikati ya uwanja wa Makao ya Wazee ya Mlimani. Safu nne ninazozijaza kila siku, yaani Wanaougua, Waliopona, Waliofariki na Waliohamishwa, zilikuwa vyumba vinne virefu visivyo na paa, na wazee walikuwa wameketi ndani yake kwenye viti vya plastiki wakiota jua. Niliona ni sawa tu. Nilichofikiri ni kwamba wangeniarifu mapema ningevaa viatu vya kutembelea.

Mimi ni karani wa takwimu. Tangu korona iingie katika kaunti yetu, nakusanya hesabu za makao ya wazee: nani ameugua, nani amepona, nani ametutoka. Hakuna aliyenifundisha. Nilipewa fomu na kalamu, nikajifunza kwa kujaza.

Nikaanza kuhesabu kwenye chumba cha kwanza. Kati ya kila mzee na mwenzake alikuwa ameketi bwana mmoja mwembamba, mrefu, mwenye magoti yaliyobana. Alikuwa mmoja, na alikuwa katika kila nafasi kwa wakati uleule. Nilimtambua. Alikuwa Mita Moja na Nusu.

"Samahani," akaniambia, "usimsogelee mzee."

"Nataka kumwamkia tu."

"Niamkie mimi, nitampelekea."

Nikampa shikamoo. Akaipokea kwa mikono miwili, akamgeukia mzee, akamkabidhi. Mzee akajibu, na Mita Moja na Nusu akaniletea marahaba yangu. Ilikuwa bado na joto.

Hesabu ya Wanaougua ilitimia. Ya Waliopona ilitimia. Katika chumba cha Waliofariki hapakuwa na kilio. Walikuwa wakinywa uji na kumzomea mzee mmoja aliyeiba kete kwenye mchezo wa bao. Nao walitimia.

Chumba cha Waliohamishwa kilikuwa na kiti kimoja tu. Kwenye kiti hicho alikaa bwana mnene wa mviringo, asiye na kichwa wala miguu, lakini mwenye adabu. Aliposikia hatua zangu alijisogeza kidogo, kama mtu aliyekutwa amekalia kiti cha mwenziwe.

"Wewe ni Sifuri," nikasema.

"Ndimi."

"Kiti hicho ni cha Bi. Mkawasi."

"Najua, namshikia tu. Lakini ripoti inafungwa leo saa kumi jioni. Ikifika saa kumi hajaja, kinakuwa changu." Akashusha sauti. "Si kwa ubaya, karani. Mimi hukaa pasipo na mtu. Ndiyo kazi niliyopewa."

Sikuweza kumlaumu.

Bi. Mkawasi ni mtu wa kweli, si wa ndotoni. Alikuwa na miaka themanini na sita. Wiki tano zilizopita alizidiwa kabla ya alfajiri, ambulensi ikamchukua kutoka Makao, naye akakata roho kabla ya kufika hospitali. Makao huhesabu wazee wao saa kumi na mbili asubuhi, kitanda kwa kitanda, na saa hiyo kitanda chake kilikuwa kitupu. Hospitali huhesabu walioingia mlangoni wakiwa hai, naye hakuingia hivyo. Kila upande ulinieleza kwa upole kwamba hakuwa wao. Basi nikamwandika "amehamishwa", na mahali palipoulizwa "wapi" nikachora kistari.

Binti yake, Mghoi, alikuja ofisini mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumanne. Hakupiga kelele.

"Karani, Jumamosi watasoma majina ya wazee waliokufa kwa ugonjwa huu, pale Makao. Wanasoma kutoka kwenye orodha yako. Mama hayumo."

"Kanuni haina mahali pa kumweka, mama."

"Mimi nimemzika kwa mikono yangu. Kwenu bado yuko njiani?"

Nilimwambia nitaangalia. Nikaangalia siku tatu, sikuona kitu.

"Sasa yuko wapi?" nikamwuliza Sifuri ndotoni.

"Uliandika amehamishwa," akasema. "Hukuandika wapi. Kwa hiyo anahamishwa."

Hapo ukuta wa chumba ukafunguka kama pazia, na ambulensi ikapita katikati yetu polepole. King'ora chake hakikulia. Kilikuwa kikinong'ona, "Samahani. Samahani. Samahani."

Nakimbia. Nashika mpini wa mlango wa nyuma. Naingia. Uwanja haupo tena. Nje ya dirisha kuna barabara ya lami, migomba, kona, kisha barabara ileile, migomba ileile, kona ileile.

Kwenye usukani hakuna dereva. Kuna kistari. Ni kile nilichokichora mimi, naujua mkono wangu. Kimejilaza juu ya usukani na kinaendesha.

"Tunakwenda wapi?" nakiuliza.

Kinakata kona tu.

"Hata mimi hakijanijibu, na wiki tano nakiuliza," inasema sauti nyuma yangu. "Karibu. Kanyaga pembeni, usinivunjie kazi."

Bi. Mkawasi ameketi kwenye kitanda cha wagonjwa, miguu chini, leso mabegani. Anasuka kikapu cha mkonge. Kikapu kimejaa ambulensi nzima. Kimezunguka mtungi wa oksijeni, kimepanda hadi kwenye paa, kimeshuka upande wa pili, na mdomo wake bado uko mapajani mwake, wazi.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Wewe ndiye karani?"

"Ndimi, nyanya."

"Barakoa yako umeivalisha kidevu. Kwani zinazougua ni ndevu?"

Napandisha barakoa.

"Kikapu ni kikubwa," nasema, kwa sababu sijui pa kuanzia.

"Kilikuwa kiwe kidogo. Nilikianza tulipotoka getini, nikasema hospitali si mbali, kitatosha mayai sita. Mtu hufunga ukingo akifika. Sasa hatufiki. Hivi kilivyo utaweka ng'ombe, na wala hutasikia akilia." Anavuta uzi kwa meno. "Mghoi anasemaje?"

"Anasema kwetu wewe bado uko njiani."

"Hajakosea. Anakula?"

"Sikumwuliza."

"Muulize. Akiwa na huzuni hula maandazi tu, asubuhi mpaka jioni, halafu anasema tumbo limerogwa."

Naandika kwenye kiganja: maandazi. Kona ileile inapita mara mbili.

"Nyanya, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuandika amehamishwa."

Ananitazama juu ya kikapu. Hana haraka.

"Uliandika kwa ubaya?"

"Hapana. Sikuona pengine pa kukuweka."

"Basi ni kosa la macho. La moyo ndilo gumu." Anarudi kwenye uzi wake. "Tafuta vizuri. Mimi nasuka, siendi popote. Yaani naenda, lakini umenielewa."

Mfukoni mwangu kitu kinakohoa. Ni fomu. Imekohoa kwa adabu, kwenye kona yake iliyokunjwa, kama tulivyowafundisha watu.

"Nigeuze," inasema.

"Nini?"

"Miezi saba unanijaza kifuani. Mgongo wangu hujawahi kuuona."

Naitoa. Naigeuza. Mgongoni kuna herufi ndogo kama sisimizi. Zilikuwa zimelala. Zinapoona mwanga zinaamka, zinakimbizana, zinasukumana, moja inaomba msamaha kwa nyingine, mwisho zinajipanga mstari. Nasoma: *Aliyefia njiani ahesabiwe katika makao alikotoka, iwapo saa na mahali vinajulikana.*

Nasoma mara ya pili, polepole, kwa kidole.

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Mimi ni fomu," inasema. "Nilifundishwa kuuliza. Kueleza sikufundishwa."

Hata mimi sikufundishwa kugeuza.

Sasa nina swali moja la kuuliza, na mtu wa kumwuliza yuko mbele yangu. Katika kazi yangu yote sijawahi kumwuliza mwenyewe. Huwa nauliza wauguzi, mapadri, walinzi wa geti. Nashika kalamu, naiacha, naishika tena.

"Uliza tu," anasema Bi. Mkawasi. "Unanihangaisha ukihangaika."

"Nyanya, samahani. Ulikufa saa ngapi? Na wapi?"

Hakasiriki. Anashika kikapu, anapitisha kidole kwenye duru za chini kabisa, za siku ile ya kwanza, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

"Hapa tulitoka getini. Hapa nilikuwa na baridi. Hapa dereva, yule wa kweli, si huyu bubu wako, aliniwekea redio nisichoke. Na hapa," kidole kinatulia, "ni darajani. Alisimama. Redio ilikuwa imetoka kusema saa kumi na moja na dakika ishirini, halafu wakatangaza mvua. Mvua ilichukua dakika mbili. Andika na ishirini na mbili."

Naandika.

"Kwa nini alisimama?"

"Mbuzi. Wamejaa daraja zima, hawana mchungaji, na alfajiri haijatoka. Nikajiinua kidogo nikawaona kwenye taa. Mmoja alikuwa mweupe, ananitazama mimi hasa. Nikamwuliza dereva, mbuzi hawa ni wa nani, mbona wako nje saa hizi? Nikangoja anijibu." Anatikisa kichwa. "Jibu sikulisikia. Kufa sikukuona kubaya, karani, nakwambia ukweli, palikuwa na baridi, halafu pakawa hapana. Lakini wiki tano najiuliza, ni mbuzi wa nani?"

"Pole, nyanya."

"Asante. Haya, kazi."

Nakigeukia kistari. Nakiomba msamaha, maana nacho hakikuomba kuchorwa. Kinashuka kwenye usukani, kinajinyoosha, kinatoka dirishani. Mahali kilipokuwa naandika kwa herufi kubwa, bila haraka: MAKAO YA MLIMANI.

Ambulensi inasimama. King'ora kinasema, "Asante," kinanyamaza.

Mlango wa nyuma unafunguka na tuko uwanjani tena. Sifuri tayari ameinuka. Anakipangusa kiti kwa kitambaa, ingawa sikuona alikitoa mfuko upi.

"Karibu, mama. Nimekuwekea joto."

"Ahsante, baba. Wewe utakaa wapi?"

"Usijali. Mahali patupu hapakosekani." Kisha anaona amesema vibaya, anaongeza, "Lakini leo nitasimama."

Nabeba kiti kutoka Waliohamishwa hadi Waliofariki. Ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Bi. Mkawasi anatembea kando yangu, na Mita Moja na Nusu anakuja mbio kujiweka katikati yetu, magoti pamoja. Anamtazama bibi. Ananitazama mimi. Anatazama saa, ambayo hana.

"Mimi," anasema, "naenda kunywa maji kidogo."

Anaondoka. Naona mgongo wake ukienda mpaka kwenye bomba, na naona anafungua bomba, na naona kwamba hanywi.

Bi. Mkawasi ananishika mkono. Mkono wake ni mkavu, una nyuzi. Miezi saba sijamshika mzee yeyote mkono. Tunakwenda hivyo hatua zote zilizobaki.

Ndani ya chumba wanamsogezea nafasi.

"Umechelewa, Mkawasi! Uji umepoa."

"Nilipelekwa mbali. Nipeni hivyohivyo. Na huyu anayeiba kete ni nani? Namwona kutoka hapa."

Anakaa. Anavuta mdomo wa kikapu mapajani, anakata uzi, anaanza kufunga ukingo. Napiga hatua kurudi, ananiita.

"Karani."

"Naam, nyanya."

"Ukija kujua ni wa nani..."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Wakesho, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Ulikuwa ukiomba msamaha usingizini," alisema. "Umenikosea nini?"

"Si wewe. Nipe hilo faili."

"Chai kwanza."

"Faili kwanza, mama watoto, tafadhali."

Akanipa vyote viwili. Nikaitoa fomu nikaigeuza. Herufi ndogo zilikuwapo, zimetulia kwenye mstari wao, kana kwamba hazijawahi kukimbia. Kanuni ilikuwa ileile, neno kwa neno. Nikajiambia kwamba pengine niliwahi kuiona siku moja bila kujua, macho huona mengi. Lakini kanuni ilitaka saa na mahali, na ndoto si ushahidi wa kupeleka ofisini.

Nikapekua mpaka chini ya faili. Kulikuwa na nakala ya karatasi ya safari ya ambulensi ya siku ile, kama dereva alivyoijaza, ikiwa bado imefungwa ndani ya bahasha yake. Bahasha sikuwa nimewahi kuifungua. Hesabu yangu haikuihitaji. Nikaichana. Mwandiko wa dereva ulikuwa wa kurukaruka, wa mtu aliyeandikia pajani.

Mstari wa tatu ulisema: *Saa 11:22 alfajiri. Darajani. Nimesimama. Mbuzi wa Mwadime tena.*

Chini yake ameandika kwamba alipogeuka kumjibu mgonjwa, mgonjwa alikuwa ameshatulia.

"Ni nini?" akauliza Wakesho, maana chai ilikuwa inamwagika.

Nikaweka kikombe chini. Nikachukua kalamu, nikaitafuta safu ya Waliofariki.

"Ni wa Mwadime, nyanya," nikasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemjibu aliye chumba cha pili. Kisha nikaandika jina lake.