Kichwa Kinataka Nafasi

Miaka thelathini na moja nimekanda unga kwenye kiwanda cha mikate, na mikono yangu hii, ingawa sasa ina mishipa kama mizizi, haijawahi kushindwa na kitu chochote laini. Shule niliishia darasa la sita. Yaliyobaki nilifundishwa na donge. Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, aliponiambia kwamba kwenye saluni ya kona kuna mwanamume anakanda vichwa vya watu, na watu wanatoka pale wanatabasamu peke yao barabarani, nilianza kuvaa viatu hata hajamaliza.

Si kwamba mimi nilikuwa naumwa. Mgonjwa alikuwa binti yangu.

Binti yangu anafanya kazi ofisi ya maji, chumba cha simu. Kazi yake ni kupokea lawama. Bomba limekauka, mtu anapiga. Bomba limepasuka, mtu anapiga. Mtu kagombana na mkewe, bomba ni zima kabisa, naye anapiga. Wote huwajibu kwa sauti ileile ya upole, ndiyo maana wenzake humwita Asali. Lakini Asali huyo akirudi nyumbani anafunga mapazia, anajilaza na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, na ukidondosha kijiko jikoni anaguna kama umemdondoshea yeye. Daktari alimpima macho, akampima presha, akampima damu, hakuona kitu. Akamwambia aandike kila siku anayoumwa, na apunguze mawazo. Binti yangu akamuuliza ayapunguzie wapi.

Sasa kesho yake, Ijumaa, alikuwa na usaili wa kuwa msimamizi wa chumba chote cha simu. Ulikuwa wa pili. Ule wa kwanza, mwaka uliotangulia, alikaa mbele ya mabosi watatu, kichwa kikampiga mpaka akaona mabosi sita. Akaomba radhi, akatoka mbio kwenda kutapika. Nafasi akapewa mtu anayejibu simu kama anafukuza kuku, naye hakumaliza mwaka. Safari hii binti yangu aliniambia neno lililonitisha kuliko machozi. Alisema kichwa kikimpiga tena mbele ya watu wale, hatajaribu tena. Atapokea lawama mpaka astaafu, basi.

Mimi ni mama, nilifanya ninachokijua. Jumatano jioni nilimkalisha katikati ya magoti yangu, nikamsuka twende kilioni, mistari kumi na minne, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Nimemsuka hivyo kila baada ya wiki mbili tangu ana meno ya utoto, lakini jioni ile niliongeza nguvu kidogo, ili akae kama bosi. Nywele zikilegea, huwa namwambia, na heshima inalegea. Alhamisi akaondoka kwenda kazini na vidonge viwili mkononi.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipofika kwenye ile saluni. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: KUKANDA KICHWA, DAKIKA ISHIRINI. MAWAZO YAACHE NJE. Nikageuka nikatazama nje kama kuna mtu kayaacha. Hapakuwa na kitu, ila paka.

Mkandaji ni mtu mnene, mpole, ana vidole vifupi kama mishumaa iliyoungua nusu. Nilimweleza wazi kwamba mimi ni mwonja chumvi tu, mchuzi wenyewe nitamletea mchana. Akacheka, akanikalisha kwenye kiti kinachoegama, akanitandikia taulo mabegani, akapasha mafuta kidogo kati ya viganja vyake. Akaanza na kisogo.

Jamani.

Nilidhani nitafinywa. Wapi. Alisukuma kwa kiganja, akaachia. Akakusanya ngozi taratibu, akaachia. Akapita nyuma ya masikio, akapanda utosini, akashuka, na kila akiachia, kuna kitu ndani yangu nacho kinaachia, kitu ambacho sikujua nimekishika. Raha ilianzia kisogoni ikashuka mpaka kwenye visigino. Halafu nikashtuka nikiwa nimefumba macho: huyu bwana anakanda mkate! Mwendo ni uleule. Sukuma, achia, geuza. Nilitaka kuruka kwenye kiti kwa furaha, nikaona nikiruka nitakosa dakika zangu.

Akaniuliza, "Bibi, umelala?"

"Bibi wa nani? Niite dada, na urudi hapo hapo ulipokuwa."

Nilipotoka sikutembea, nilikimbia, mimi mwenye goti bovu. Binti yangu alikuwa amepewa ruhusa kuanzia saa saba, akajiandae na usaili. Nilifika getini kwao saa saba kasoro, nikamwambia mlinzi kuna mgonjwa wa haraka. Sikusema uongo, mgonjwa alikuwa ndani. Binti yangu akatoka mbio, moyo juu, akamkuta mama yake yuko wima, anang'aa mafuta kama kitasa kipya. Alitaka kukasirika, lakini hata kukasirika kulimuuma. Alikuwa amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Nikamshika mkono nikamvuta, nikimweleza njia nzima jinsi kichwa changu kilivyokuwa chepesi, mpaka akaniomba kwa heshima zote ninyamaze.

Akakaa kwenye kile kiti. Mkandaji akatandika taulo, akapasha mafuta, akaweka vidole kisogoni. Mimi nimesimama pembeni natabasamu kama niliyeleta mchumba.

Vidole vikasimama.

Akajaribu pembeni, vikasimama. Akajaribu utosini. Akafuta mikono kwenye taulo, akauliza, "Dada, nani kakusuka?"

Mimi nikatazama dari. Taa zilikuwa mbili. Nikazihesabu mara tatu.

Yule bwana hakujua anamsema nani, masikini, basi akasema yote. Alisema ngozi imevutwa mpaka nyusi zinauliza swali. Akatuonyesha vipele vidogo kwenye ukingo wa paji la uso, pale nywele zinapoanza. Akasema kukanda ni kuisogeza ngozi, na ngozi hii haina pa kusogea. Halafu akamuuliza kama kichwa huanza kuuma kesho yake baada ya kusukwa.

Binti yangu akatoa simu yake, akafungua pale alipoandika siku za maumivu kama daktari alivyomwambia. Akazipitia kwa kidole, polepole. Akahesabu wiki mbili nyuma, na nyingine mbili. Akarudi mpaka mwaka jana, siku ya usaili wa kwanza. Mimi sikuhitaji kuitazama simu. Nilikumbuka jioni ya kuamkia siku ile, magoti yangu, kichwa chake, na mimi nikisema tulia, heshima haiji kwa kulegea.

Akasema taratibu, "Mama, na jana ulikaza sana?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, maana mimi sikosi jibu. La kwanza lilikuwa la hizo simu zao, la pili la jua, la tatu la chanuo. Yote matatu nikayaacha, kwa sababu ya mkate.

Pale kiwandani nilikuwa fundi wa mkate wa msuko, ule unaosokotwa nyuzi tatu za unga. Wasichana wote walioingia baada yangu niliwafundisha mimi, na somo la kwanza lilikuwa moja: usivute. Weka uzi juu ya uzi, legeza, acha nafasi ya kuumuka. Ukikaza, mkate utaonekana mzuri mezani, lakini ukiingia kwenye joto la tanuri unapasuka ubavu. Niliwapiga vikofi vya mkono kwa kosa hilo. Miaka thelathini na moja nikiimba wimbo huo mchana, halafu jioni narudi nyumbani kumkaza mtoto wangu mwenyewe, nikimpeleka kwenye tanuri la lawama. Kweli nyani haoni kundule.

Nikamwambia, "Ni mimi, mwanangu. Nimekufunga kama mzigo wa kupanda juu ya basi."

Mkandaji akapatwa na kikohozi cha ghafla. Binti yangu akanitazama kwenye kioo, nikajua sasa napata haki yangu. Mdomo ukamcheza. Kisha akasema, kwa ile sauti ya asali, "Asante kwa kutupigia, mama. Lawama yako imepokelewa, mafundi wanakuja." Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akacheka nusu tu, maana kilimuuma, akauliza kesho ataingiaje kwa wale watu na nywele timutimu. Nikamwambia hilo aniachie mimi, safari hii namsuka kwa akili za kiwandani.

Basi tukaanza. Nilichukua chanuo la mkia, nikafumua mstari wa kwanza, na mkandaji akafuata nyuma yangu na vidole vyake. Nafumua, anakanda. Nafumua, anakanda. Tukapata mwendo kama watu wawili kwenye meza moja ya unga. Mimi nikaongeza kasi, naye hakubali kuachwa. Wateja waliokuwa wanasubiri wakaacha simu zao wakatutazama. Mstari wa tano, nyusi zikarudi mahali pake. Mstari wa saba, mabega yakashuka. Mstari wa tisa binti yangu akafumbua macho akasema, "Mama, ile saa ya ukutani inasikika." Saa ilikuwa inalia muda wote, ila ndani ya kichwa chake kulikuwa na kelele kuliko yake.

Wa kumi na nne ulipoisha alikuwa amelala, mdomo wazi, nywele zimesimama pande zote kama aliyeona bahati. Mkandaji akaninong'oneza kwamba vidole havizuii watu kulalamika maji, mawazo ya kazi yatakuja tena, na kichwa kikiendelea kuuma arudi kwa daktari. Nikamwona mtu mkweli. Nikamwambia anaweza kuendelea kuniita bibi.

Ijumaa asubuhi nilimsuka minne tu, minene, imelala kwa kulegea. Mkono ulinisumbua, kila mara ulitaka kuvuta, nami nikawa nausema kwa sauti, usivute we mwanamke, acha nafasi. Alipomaliza kuvaa akatikisa kichwa mbele ya kioo, kushoto, kulia. Akatikisa tena. Akatoka bila vidonge.

Nikamsindikiza mpaka kwenye benchi la nje ya mlango wa usaili, saa nane kamili. Aliingia. Nikakaa. Dakika kumi zikapita, sikusikia mbio. Ishirini. Nikatega sikio kwenye mlango mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Dakika arobaini! Mwaka jana hakumaliza hata tano. Nilitaka kucheza pale kwenye korido, lakini kumbe wasiwasi una hesabu zake, ukitoka kwa mmoja unatafuta pa kukaa: kichwa kikaanza kunigonga mimi.

Mlango ukafunguka, akatoka anatembea. Nikamtazama macho, yote mawili yalikuwa wazi. Alisema wamemuuliza kila kitu mpaka cha mtu anayepiga simu kutukana, naye akawajibu kila kitu, na aliwaona watatu tu, hawakuzidi. Mmoja alimwambia asubiri barua. Mwingine akamwambia, wakati anasubiri, aanze kuipitia ratiba ya zamu za chumba kizima.

Nikashika utosi wangu nikasema asante Mungu, ila hiki kichwa kinanipasuka.

Akaweka mkoba chini, akazunguka nyuma ya benchi, akaniwekea vidole kisogoni, pale pale kwenye korido ya ofisi ya maji, watu wanapita na mafaili yao. Akasukuma, akaachia. Alikuwa na nguvu huyo mtoto. Nikamwambia apunguze, hicho si unga.

"Tulia, mama," akasema. "Heshima haiji kwa kulegea."