Asiyeshika Fimbo Asiguswe

Ng'ombe wa Nkwabi, mfugaji jirani yetu, walipokula mahindi ya mume wangu Mbonile, wanaume wa kwetu hapa Momba wakaamua vita. Siyo vita ya kihuni, jamani, vita ya haki! Wakamwita Jonasi, mzee wa kanisa, awatungie masharti.

Jonasi akasimama, akakohoa. Wanawake wasiguswe. Watoto wasiguswe. Ng'ombe naye asiguswe, kiumbe hana kosa.

"Ee, na mahindi alikula nani?" nikauliza. Nikaambiwa ninyamaze, haya ni mambo mazito. Sharti la mwisho ndilo lililonikata maini: apigwe mwenye silaha tu, asiyeshika fimbo asiguswe.

Fimbo! Mchunga ng'ombe gani hana fimbo? Na mdogo wangu Aliko, tumbo moja mimi na yeye, anachunga kwa Nkwabi ili apewe mtamba.

"Huyo ni shemeji yako," nikamwambia Mbonile.

Akajibu kwamba vita ya haki haina shemeji. Nikamgeukia Jonasi.

"Na taarifa je?" nikauliza kwa upole wa kinafiki. "Mtavamia watu kama vibaka?"

Jonasi akafurahi mno. Kweli, lazima watangaziwe! Nani aende? Wote wakaangalia viatu vyao. Nikaenda mimi, mwanamke nisiyeguswa.

Kwa Nkwabi nikakaribishwa maziwa. Nikawaambia: Jumamosi wanakuja, na atakayeonekana na fimbo atapigwa.

Aliko akacheka. "Dada, bila fimbo ng'ombe hawanisikii."

"Wasikusikie! Ukifa utawachunga na nini?" Nikalia mbele za watu, wala sikujali. Nkwabi akaniapia kwamba siku hiyo hakuna atakayeshika fimbo.

Jumamosi wanaume wote wakaondoka na marungu, hata waliokuwa wakilinda mashamba. Wakawakuta watu wamekaa mikono mitupu, Aliko katikati yao. Masharti ni masharti. Wakapewa maziwa, wakanywa, wakarudi wakiimba nyimbo za ushindi.

Ng'ombe nao walikuwa wamefunguliwa asubuhi kama kawaida, na hakuna wa kuwaswaga. Wakashika njia wanayoijua. Mimi nilikuwa nawasongea washindi ugali niliposikia mabua yakivunjika. Nilipiga kelele, nikarusha mwiko, wapi! Walimaliza shamba letu, wakahamia kwa Jonasi.

Jioni ile ile Jonasi akaitisha kikao. Safari hii tuna haki zaidi, akasema, na masharti ni yale yale.

Nikakimbia kwa Nkwabi. Nilimkuta Aliko peke yake zizini, anachonga fimbo mpya, nene.

"Itupe," nikamwambia. "Wanakuja tena."

Hakucheka. "Nimepita shambani kwako, dada," alisema. "Hamna hata bua limesimama. Siiachi tena."